Bondia Aliyepimwa kwa Mizani ya Pamba

Igogo, Mwanza

Mwanangu Makoye,

Kama karatasi hii imefika mikononi mwako, basi umefungua kikapu cha mama yako, na hilo peke yake limenifurahisha. Nimeikunja na kuiweka chini kabisa, chini ya samaki na chini ya viazi vikavu, matobolwa ya mama yako, kwa makusudi. Nilijua ukiamua kukaa na njaa yako mpaka Dar es Salaam hutaiona, na maneno yangu yote yatanuka sato bure. Nadhani sasa mko mahali fulani kati ya Shinyanga na Tabora, treni imesimama bila sababu kama ilivyo kawaida yake, na harufu imekushinda. Vizuri. Weka kipande kimoja mdomoni kwanza, halafu endelea kusoma.

Ninaandika jioni, wewe umekwenda Mabatini kuwaaga kina shangazi yako, na mama yako yuko jikoni anageuza samaki kwa mafuta aliyoyapata kwa kupanga foleni tangu asubuhi. Sitakuandikia habari za kufunga viatu vyako ndani ya shuka usiku, wala za kunywa maji yaliyochemshwa. Hayo mama yako amekueleza wiki nzima, na mengine ameyarudia mpaka hata mimi nimeyashika kwa kichwa. Nataka kukupa habari moja ambayo unaijua nusu. Nusu unayoijua ni ile ya kuchekesha, ambayo mjomba wako huitoa kila tukiwa na wageni, na mimi hucheka pamoja nao kwa sababu nisipocheka wataniuliza kulikoni.

Unajua kwamba wakati ule, wewe ukiwa bado unatambaa, nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba upande wa Usagara. Mizani yenyewe ilikuwa ya kuning'inia, juu ina uso wa duara na mshale, chini ina ndoano. Mkulima analeta gunia lake, vijana wanalitundika, mshale unazunguka, mimi nasoma kwa sauti na kuandika. Jioni wakulima wakishaondoka, mimi nilikuwa naidandia ile ndoano kwa mikono miwili, nakunja miguu, na mwenzangu ananisomea mshale. Wakulima waliochelewa walinikuta nikining'inia pale na kaptula yangu, wakanipa jina. Wakaniita mbuzi wa ushirika.

Nilikuwa najipima kwa sababu nilikuwa nimeitwa kwenye majaribio ya timu ya taifa. Nchi ilikuwa inatafuta vijana wa kwenda ile michezo mikubwa ambayo mataifa mengi hukutana mji mmoja, wakimbiaji huku, mpira kule, na sisi wa ngumi pembeni. Mimi uzito wangu ulikuwa wa unyoya. Nilizaliwa nao, kama ulivyozaliwa nao wewe. Lakini nilitaka kushuka mpaka bantam, uzito ulio chini yake, na mizani ile ilinipendeza sana, maana nilipunguza ugali kidogo tu, nikakimbia kidogo barabara ya kwenda Misungwi, na mshale ukarudi nyuma bila ubishi. Nilimwambia mama yako kwamba mwili wangu una utii kama wa askari. Nikapanda treni hiyo hiyo unayoipanda wewe.

Asubuhi ya kupimwa nikapanda mizani yao, mizani ya kusimama kama ya hospitali. Mzee mmoja mwenye miwani akasukuma kile kipimo kwenda kulia, akasukuma tena, akavua miwani akaifuta, akasukuma tena. Nilikuwa nimezidi, tena si kidogo. Hapo ndipo mjomba wako hujipiga pajani na kusema, "Karani kapunjwa na mizani yake mwenyewe," na watu wote hucheka mpaka chai inamwagika.

Kilichofuata hasimulii, kwa sababu hakijui.

Walinipa muda mfupi wa kupunguza uzito uliozidi. Bwana michezo wa mkoa wetu, mtu mwema sana, alinivalisha makoti mawili na blanketi juu yake, akanikimbiza kuzunguka uwanja kwenye jua la pwani. Nilitema mate kwenye kopo mpaka mate yakaisha. Nilipopanda tena mizani, yule mzee akakubali kwa shida, na bwana michezo akanikumbatia kana kwamba tumeshashinda. Mchana ule nilipanda ulingoni na kijana wa Morogoro ambaye siku nyingine yoyote nisingemwogopa. Makoye, miguu haikuwepo. Niliiona ngumi inakuja, naijua, najua na dawa yake, na mwili ukawa kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili. Raundi ya pili refa akanishika mabega akaniuliza jina langu. Sikulikumbuka haraka kiasi cha kumridhisha.

Jioni, nikiwa nimekaa nje ya bweni na kikombe cha maji, mmoja wa wale waliokuwa wanachagua timu akapita, akasimama. Akaniuliza, "Wewe ndiye wa Mwanza? Kwa nini ulikuja bantam?" Nikainua kikombe, nikanywa. Akasema, "Leo kwenye unyoya hatukuwa na mtu wa maana. Tulitazama orodha tukatafuta jina lako kule." Halafu akaniambia pole, akaenda zake kula.

Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako. Sasa nikwambie na kwa nini nilikwenda bantam, maana hilo ndilo linalonifanya nishike kalamu. Palikuwa na mwanajeshi mmoja wa Tabora, uzito wa unyoya, aliyenipiga kwenye mashindano ya kanda nikalala na kitambaa cha baridi machoni. Nilijua tutakutana tena kwenye majaribio. Kwa hiyo nikajiambia mimi kwa kweli ni bantam, nimechelewa tu kujitambua. Niliwaambia watu habari ndefu za wepesi na kasi. Nilikuwa namkimbia mtu. Na yule mwanajeshi hakuja. Kikosi chake kilikuwa kimehamishiwa mpakani, wala hakujua kama majaribio yapo. Nilijinyima chakula, nikajikausha kama dagaa, ili nimkwepe mtu aliyekuwa mamia ya maili kutoka pale, pengine analala.

Najua utaniambia wewe humkimbii mtu kwa woga. Najua. Nitafika huko.

Kwanza nikumalizie habari ya mizani, kwa sababu iliniuma kuliko ngumi. Kabla sijasafiri, wakulima walikuwa wakilalamika kila msimu kwamba mizani ile inawapunja. Mimi niliwajibu kwa jeuri ya ujana, nikiwa na kalamu sikioni. Palikuwa na mama mmoja akiitwa Nkwimba, mjane, mkulima hodari na mdomo wake haukuwa na likizo. Siku moja alilitua gunia lake akaniambia, "Karani, gunia hili nimelibeba mwenyewe kichwani kutoka kwangu. Shingo yangu inajua uzito wake. Mshale wako unasema kingine." Nikamjibu, "Mama, tunanunua kwa mizani, hatununui kwa shingo." Watu walicheka, nikafurahi kwamba wamecheka. Sikuwa najua kwamba mizani ni mbovu, hilo nakuapia. Lakini pia sikutaka kujua, maana ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inaniambia kwamba nimekuwa bantam.

Niliporudi kutoka Dar es Salaam, Nkwimba alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Karani, umetuletea nini kutoka huko kwa wakubwa?"

"Sikuleta kitu, mama. Nilizidi uzito."

"Ulizidi? Si ulikuwa unajipima hapa hapa, sisi tunakuona?"

"Nilijipima hapa hapa."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia lake, anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Halafu nikaona kicheko kinamtoka usoni taratibu. Akaligusa gunia alilolikalia. Akasema, "Basi na mimi nilizidi."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliwageukia wenzake akawaambia kwa Kisukuma, polepole, kama mtu anayetoa habari ya msiba, na mmoja mmoja wakaketi juu ya magunia yao. Siku ile hapakupimwa pamba. Katibu wa chama cha ushirika akaja na baiskeli, amekasirika, akaniuliza mbele ya watu wote, "Karani, mizani ina kasoro au haina?" Nilikuwa na mke na mtoto na kazi niliyoipenda. Nilitazama chini, nikasema, "Mimi nilizidi, Katibu." Sikuweza kusema zaidi ya hapo. Lakini ilitosha, maana kijiji kizima kilikuwa kimeniona nikining'inia.

Mizani ikashushwa, ikaletwa nyingine. Pamba iliyokwisha kupimwa misimu ya nyuma hakuna aliyeirudisha, na sikuona njia ya kuirudisha, ingawa niliiwaza sana. Mimi nikahamishiwa mjini, kiwandani, kusukuma marobota. Ndiyo maana umekulia Igogo na si Usagara. Mama yako hudhani nilihamishwa kwa sababu ya kushindwa ngumi, na sijamsahihisha kwa sababu alinihurumia vizuri sana.

Sasa niseme kidogo kuhusu huko unakokwenda, kwa sababu kuna jambo ambalo mwalimu wenu wa ngumi hawezi kuwaambia, hajalifikia. Unakumbuka mwaka ule nilioitwa Dar es Salaam kukaa na kamati kwa niaba ya mabondia wa mkoa? Ulinisubiri stesheni ukidhani nitakuletea glavu. Nilikwenda nikiamini timu ya taifa inachaguliwa ulingoni. Ni kweli inaanzia ulingoni: wilaya, mkoa, kanda, halafu kambi, na kambini wanaletwa wawili kwa kila uzito ili wapimane. Lakini inamalizikia chumbani, kwenye meza yenye chai. Pale mtu anasoma idadi ya watu ambao ndege itawabeba, na idadi hiyo imetoka serikalini, kwa sababu fedha za kigeni ni chache na hospitali nazo zinazitaka. Kisha kila mchezo unaanza kuvuta kwake. Watu wa riadha wana mkimbiaji ambaye hawawezi kumwacha. Wa mpira ni timu nzima, huwezi kupeleka nusu yake. Daktari lazima aende. Kiongozi wa msafara lazima aende, na hilo halijadiliwi kwa muda mrefu. Mwisho ngumi zinabaki na nafasi ambazo hazitoshi uzito wote, na hapo swali linageuka. Hawakuulizi tena nani ni hodari. Wanakuuliza ni uzito gani tuuache nyumbani.

Nilimwona kijana wetu mmoja, hakuwa amepoteza pambano hata moja pale kambini, akiachwa kwa sababu wazee walisema uzito wake una miamba wengi huko duniani na hatutapata medali. Nilimtetea. Nilishindwa. Nikapewa kazi ya kwenda kumwambia, kwa kuwa ni wa kwetu. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia aongeze bidii. Lilikuwa ndilo neno lililokuwa karibu na ulimi. Kijana akaitikia, "Ndiyo, baba," akarudi Mwanza, akaanza kuitafuta kasoro mwilini mwake, kasoro ambayo haikuwepo. Alijikimbiza, akabadili mtindo, akabadili mkono, mpaka akaharibika kabisa, akaacha ngumi. Siku hizi anafanya kazi kwenye kivuko cha Busisi. Kila nikivuka ananisalimia kwa heshima zote, shikamoo baba, na mimi huwa natazama maji. Nilipaswa kumwambia kwamba hakuwa na kosa, kiti cha ndege ndicho kilichokosekana. Angelia siku moja akaendelea.

Kwa hiyo wakikuacha, usirudi ukiwa umejichunguza kama gari bovu. Uliza. Wakikwambia ulipigwa, sawa. Wakikwambia ni kiti, njoo nyumbani ukiwa mzima.

Haya. Tuje kwenye paka.

Paka wa jirani yetu mama Deusi amenenepa, Makoye. Nimekuwa nikimtazama mwezi mzima. Wakati huu ambapo hata sisi tunagawana sukari kwa kijiko, paka yule anatembea kama mwenyekiti. Na wewe mashavu yameingia ndani, unakimbia mchana na sweta la sufu, na kila ukimaliza kula unakwenda kunawa nyuma ya nyumba na sahani yako. Mimi nilikuwa mpimaji. Paka akinenepa na bondia akikonda katika ua mmoja, najua chakula kinakwenda wapi.

Tena najua kilipoanzia. Kilianzia usiku wa fainali ya kanda, wewe na Deusi. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele, nusu yao hawajui wamshangilie nani, kwa sababu ni vijana wa mtaa mmoja waliojifunza kwenye gunia moja la mchanga. Ulishinda kwa pointi chache na ulishinda kwa haki, mimi nilihesabu pamoja na majaji. Refa alipounyanyua mkono wako, niliuona unataka kushuka wenyewe. Kesho yake nilikuona umesimama mlangoni kwa mama Deusi, anamkanda mwanawe jicho kwa maji ya chumvi, na anakutania, "Makoye baba, mkono wako umekuwa mzito siku hizi, utatuvunjia sahani." Halafu akakupa ndizi, kama anavyokupa tangu ulipokuwa mdogo. Hukuzila. Ulizishika mkononi mpaka nyumbani.

Wakati wito wa kambi ulipokuja na majina yote mawili, uzito mmoja, nafasi moja, ukaamua moyoni kwamba utashuka bantam, umpishe. Hukumwambia mtu. Nilipogundua, mwanangu, nilikwenda kukaa nje kwa muda mrefu, kwa sababu nilijivunia wewe. Baba yako alijinyima kula kwa woga, wewe unajinyima kwa kumpenda mwenzako. Ningeweza kunyamaza, nikaacha mambo yaende hivyo. Lakini Jumapili iliyopita Deusi alinisubiri nje ya lango la kiwanda nikitoka zamu, amevaa shati lake la kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Deusi. Makoye yuko nyumbani."

"Najua, baba. Nimekuja kwako." Akazungusha kiatu mchangani. "Mwambie ale."

"Ale nini?"

"Chakula, baba. Anashuka bantam. Hajaniambia, ila kila siku namshika kwenye mazoezi, naona mbavu. Anafanya hivi kwa ajili yangu."

"Na wewe hupendi?"

Deusi unamjua, si mtu wa maneno. Akasema, "Nikichaguliwa hivyo, watu watasema niliachiwa. Na mimi mwenyewe nitajua niliachiwa. Sasa huko nje nitapanda ulingoni na nani ndani yangu?" Macho yalikuwa yamejaa, na hakutaka nione, akageukia ziwani. "Bora anipige tena, baba. Akinipiga najua nimepigwa."

Aliniomba nisikwambie kwamba alikuja. Nilimwahidi, na hapa nimevunja ahadi hiyo. Siku akirudi nitamwomba msamaha uso kwa uso, na ukitaka mpe karatasi hii aisome, anilaumu mapema.

Nimemwaza sana Nkwimba tangu Jumapili. Yeye aliyebeba gunia alikuja kuniambia uzito wake, nikamjibu kwa mzaha kwa sababu mshale ulikuwa unanisifu. Sasa Deusi amekuja kuniambia uzito wa hiyo zawadi unayotaka kumpa. Yeye ndiye angeibeba. Anasema ni nzito, haiwezi, na mimi safari hii nimemsikia. Nakuomba na wewe umsikie. Unadhani unampa nafasi, kumbe unamnyima kitu pekee anachokitaka kutoka kwako, yaani ukutane naye ukiwa umeshiba.

Halafu fikiria na upande wako. Ukifika kambini umekauka, kuna kijana wa watu ambaye ni bantam wa kuzaliwa, amekula, amelala, na atakupiga kama yule wa Morogoro alivyonipiga mimi. Huku kwenye unyoya Deusi anaweza kuteleza, akaumia, akaugua malaria, na wale wazee wakatazama orodha wakitafuta jina la kijana mwingine wa Mwanza. Watalikuta bantam, na mwenyewe yuko kitandani. Utarudi bila kiti na bila miguu, na Deusi atarudi bila heshima yake, na mtanyamaziana kwenye treni hii hii siku mbili nzima. Sitaki nikupokee stesheni ukiwa na uso niliorudi nao mimi.

Sijui nani atachukuliwa. Moyo wangu unakutaka wewe, nisidanganye, mimi ni baba yako na nimekuota umevaa ile suti ya timu yenye rangi za bendera. Lakini nimekaa chumba kile cha chai. Najua mnaweza kupigana vizuri wote wawili na mkaachwa wote wawili. Kuchaguliwa ni kwao, mimi na wewe hatuna mamlaka nako. Kilicho chako ni kupanda mizani ukiwa wewe, na mshale usome kitu cha kweli.

Mama yako amekuja kuchungulia ninaandika nini. Nimemwambia naandika habari za mizani, akasema, "Umeanza tena," akarudi jikoni. Hajui habari za paka, usimwambie, atamtafuta kwa mwiko. Lakini jambo moja amelifanya bila kuambiwa na mtu. Alipopanga kikapu nilimwambia ni kikubwa mno kwa safari ya mtu mmoja. Akanitazama kama mtu asiye na akili. "Kwani wanaondoka wangapi?" akaniuliza. Mama Deusi naye alishampa ndizi zake aziweke humo humo, ndizo hizo zilizofungwa kwenye jani upande wa kushoto.

Kwa hiyo chakula hicho si chako peke yako, na hukupewa ruhusa ya kukigawa dirishani kwa paka wa Tabora. Deusi yuko behewa hilo hilo, pengine amekaa mbele yako anajifanya kutazama nje, naye hajala kwa sababu wewe hujala. Mwite. Kichwa cha samaki mkubwa mwachie yeye, unajua anavyokipenda. Wewe maliza mkia na tumbo, na matobolwa yote yaliyobaki, na usiache kitu.

Mmoja wenu huenda akarudi mapema kuliko mwenzake. Nitakuwepo stesheni siku hiyo, awe wewe au awe yeye, nitampokea begi na nitamleta nyumbani kwangu, na mama yako atapika vilevile.

Sasa kunja karatasi hii, mle.

Baba yako,
Mabula